Mlango wa Friji ya Chanjo

Kioo cha kiwandani kilikuwa kizuri, sikatai.
Cheusi, kinang'aa, unajiona mpaka meno.
Lakini kilikaa mbele ya feni
kama kiganja juu ya mdomo wa mtoto,
na kompyuta ikapiga digrii themanini na moja
saa nne asubuhi, hapa Langoni,
jua halijafika hata baraza ya jirani.

Kasha lenyewe si kitu: boflo mbili zilizobebana.
Nikafungua skrubu nne, nikakilaza kioo sakafuni.
Paka akakilalia kwa ubaridi wake. Hajakiacha hadi leo.

Kwa Famau muuza vyuma nilikuta mlango wa friji,
ile ya chanjo, iliyotupwa na zahanati ilipokufa mota.
Akataka mia tano. Niliondoka mara mbili, nikarudi mara mbili,
tukapatana mia tatu na simu ya mwanawe nimtengenezee.
Punda akauleta kwangu:
mlango mgongoni, umesimama mbele ya mlango,
hakuna wa kubisha hodi.

Sina mashine. Nina msumeno wa chuma, tupa mbili,
keekee ya babu, na kibao cha kusukumia chapati
ambacho mama bado anakitafuta.

Kipande cha kwanza kilikataa.
Milimita mbili tu, chini kushoto.
Nilikisukuma, nikakibembeleza, nikakitukana.
Kasha likabaki wazi
kama mdomo wa mtu aliyesahau jina la mgeni wake.

Shekuwe, achongaye milango duka la tatu,
alikuja kuazima gundi, akaona.
Hakucheka. Alicheka baadaye.
"Umepima kwa penseli," akasema, "na penseli ina tumbo.
Pima kwa sindano."
Akachomoa ile ya kushonea kofia,
akavuta mstari mwembamba
hata nikaogopa kupumua usije ukapotea.

Cha pili kikaingia. Tak.
Nikakitoa, nikakirudisha, nisikie tena.

Ndipo akataka kunichorea waridi:
"Kitu cha Lamu, hakina hata ua?"
Nikamwambia ngoja.
Nikawasha kompyuta ikiwa uchi,
nikapitisha kiganja polepole juu ya tumbo lake
kama apimaye homa,
na kila paliponichoma nikatia nukta ya hina.
Nukta zikajikusanya, nyingi huku, moja moja kule,
hazifanani na ua, hazifanani na nyota.
Nikatoboa papo hapo. Matundu mia na kumi na tisa.
Ncha tatu za keekee zilivunjika; ya nne niliisomea dua.
Mji huu kila mlango una maua.
Huu wangu una njia lilimopita joto, basi.

Kingo nikazipaka nta,
maana chumvi ya hapa haingoji kukaribishwa.

Ubavu wa kulia nikauacha mwisho, niung'arishe.
Nikageuza bati: kumbe lina maandishi,
wino wa buluu, mwandiko wa nesi nisiyemjua.
Jumatatu nne. Jumanne nne. Jumatano tano.
Alhamisi nne.
Ijumaa sita, na chini yake mstari, umekandamizwa
karibu utoboe rangi.
Mtu alisimama pale kila asubuhi
akiwalindia watoto wa watu sindano zao
kwa kalamu na wasiwasi.
Nikaweka msasa chini.

Sasa ipo mezani. Feni inavuta pumzi
bila ile filimbi ya pumu.
Skrini inasema sitini na mbili.
Chini ya Ijumaa palikuwa na nafasi,
nikachukua kalamu:
Jumamosi, sitini na mbili.

Shekuwe anasema pengo la juu bado linaonekana.
Linaonekana.